Kijana wa Dola 150 Kalemie: Piga Hesabu Kamili Kabla Hujaajiri Ng'ambo ya Ziwa



Leo tunajibu swali linalokuja kila mara kutoka kwa wale wanaopakia mzigo Kibirizi: "Mzigo wangu unatoka vizuri Kongo. Nataka niweke kijana wa kudumu Kalemie, au Bujumbura, nimlipe mshahara wa mwezi, auze kwa jina langu. Itanigharimu shilingi ngapi?"

Wengi wakishauliza hivyo huwa wameshajijibu. Wameulizia kule, wameambiwa kijana mzuri anakubali dola 150 kwa mwezi. Basi wanaandika 150 kwenye daftari, wanatoa kwenye faida, wanaona kinachobaki kinaridhisha, wanatafuta boti.

Ndugu yangu, hiyo 150 ni kile atakachokitia yeye mfukoni. Kitakachotoka mfukoni mwako ni kitu kingine kabisa, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayokula mitaji ya watu. Tuipige hesabu pole pole, mpaka mwisho.

Kwanza, tuanze nyumbani

Ili uelewe ya ng'ambo, angalia kwanza ya hapa. Tuseme umeajiri mtu dukani kwako Mwanga, mshahara 300,000 kwa mwezi, na umemwandikisha inavyotakiwa.

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida nusu unalipa wewe, nusu anakatwa yeye. Upande wako ni 30,000.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5, na hii yote ni ya mwajiri. Hapo ni 1,500.

Kodi ya mshahara, PAYE, hapo ni sifuri. Ukitoa 30,000 yake ya NSSF kwenye mshahara inabaki 270,000, na kodi inaanza kuhesabiwa juu ya kiwango hicho. Tozo ya ujuzi, SDL, haikuhusu maana huna wafanyakazi 10.

Likizo ya mwaka ni siku 28 za malipo. Wakati yeye yuko kwao Kasulu anakula likizo, dukani anakaa mtu mwingine na anataka chake. Ukigawa gharama hiyo kwa miezi 12, weka kama 23,000 kwa mwezi.

Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kwa mwezi ni kama 6,700.

Jumlisha: kama 361,000. Yaani mtu wa 300,000 anakugharimu kama moja ya tano zaidi ya mshahara wake, na huyu yuko mtaani kwako. Unapita dukani asubuhi, unapita jioni, unahesabu mwenyewe. Sasa vuka ziwa.

Kila bandari ina sheria yake

Sisi watu wa Kigoma tunajisahau. Ukifika Bujumbura, Kiha chako na Kirundi chao vinasikilizana. Ukifika Kalemie, Uvira au Baraka, Kiswahili kinakupokea gatini. Unajiona uko nyumbani. Lugha zinaelewana, ila sheria za kazi hazielewani hata kidogo.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mtu anayefanya kazi Kalemie analindwa na sheria ya Kongo, hata kama bosi wake anakaa Ujiji na mkataba uliandikwa Ujiji. NSSF ya hapa haimsaidii akivunjika mguu kule. Unatakiwa uandikishwe kule kama mwajiri na upeleke michango kule.

Tuzipitie nchi tatu zinazopakana nasi majini.

Burundi. Mfuko wao unaitwa INSS. Mwajiri anachangia asilimia 6 ya pensheni na asilimia 3 ya ajali na magonjwa ya kazini, mfanyakazi anakatwa asilimia 4. Michango hii inahesabiwa kwenye mshahara hadi kikomo kilichowekwa. Namba ya mlipakodi, wao wanaita NIF, inatoka OBR, ambayo ndiyo TRA yao. Sheria yao ya kazi ilifanyiwa marekebisho makubwa Novemba 2020, kwa hiyo usitegemee alichokusimulia mzee aliyefanya biashara kule miaka ya tisini.

Zambia. Ukishuka na ziwa hadi Mpulungu, mwajiri anapeleka asilimia 5 NAPSA na asilimia 1 kwenye bima ya afya, NHIMA, na mfanyakazi anakatwa kiasi kama hicho hicho. Kwa juu unaona ni nafuu. Lakini sheria yao ya mwaka 2019 inasema mwenye mkataba wa muda maalum unaozidi miezi 12, ukiisha, anapewa kiinua mgongo kisichopungua asilimia 25 ya mishahara yote ya msingi aliyolipwa. Usome tena hapo. Robo nzima. Mtu wa kwacha 100 anakuwa 131 kabla hujagusa likizo wala kitu kingine, na ile 25 inakuja kwa mkupuo siku ya mwisho. Kama hukuwa unaitenga kila mwezi, siku hiyo utauza mzigo kwa hasara ili umlipe.

Kongo. Hapa ndipo wengi wetu tunapotazama, na hapa ndipo hesabu inapokuwa ndefu. Tuifanyie kazi yake peke yake.

Hesabu ya kijana wa Kalemie

Sheria ya kazi ya Kongo ni ya Oktoba 2002, ikarekebishwa Julai 2016. Ina jambo moja ambalo mfanyabiashara wa Tanzania halitegemei: pamoja na mshahara, mwajiri anabeba makazi ya mfanyakazi au posho ya nyumba, usafiri wa kwenda na kurudi kazini, na matibabu. Na matibabu ni yake, ya mwenza wake na ya watoto wake. Sisi hapa mtu akiugua tunamsaidia kwa utu. Kule ni haki yake kisheria.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, wapagazi waliokuwa wakiingia Ujiji na misafara walipewa ujira wa vitambaa na shanga, na juu yake posho ya kula njiani. Mwenye msafara aliyehesabu ujira akasahau posho hakufika mbali. Kalemie ya leo ni hivyo hivyo.

Haya, daftari. Michango nimeiweka kwa viwango vya sheria. Nyumba, usafiri na matibabu ni makadirio ya mfano, wewe weka bei halisi ya mtaa utakaokaa. Yote ni dola kwa mwezi.

• Mshahara: 150
• CNSS, mfuko wao wa jamii, mwajiri asilimia 13: 19.5
• INPP, mfuko wa mafunzo ya kazi, asilimia 3 kwa mwajiri binafsi mwenye watu wasiozidi 50: 4.5
• ONEM, ofisi ya ajira, kiasi kidogo, weka: 1
• Nyumba: 40
• Usafiri: 20
• Matibabu, unatenga kila mwezi hata kama hajaugua: 15
• Likizo, siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliofanya kazi, unamlipa na anayemshikia nafasi: 6
• Notisi, ukimwachisha ni siku 14 za kazi na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka aliokaa, kwa hiyo tenga: 7

Jumla: dola 263.

Kijana wa dola 150 amefika 263, na bado hatujamaliza. Mtu aliye ng'ambo anahitaji kutazamwa. Tuseme unavuka mara moja kila miezi mitatu, na nauli, kulala, kula na simu vinakutoka dola 90 kwa safari. Kwa mwezi ni 30.

Jumla kamili: dola 293.

Karibu mara mbili ya mshahara. Kule Mwanga ilikuwa moja ya tano juu yake.

Angalizo: yeye naye anakatwa asilimia 5 ya CNSS na kodi ya mshahara, na kazi ya kukata na kupeleka ni yako. Mkikubaliana "150 mkononi", maana yake makato yake umeyabeba wewe, na hesabu inapanda tena. Muulize mapema: hiyo 150 unayosema ni kabla ya makato au baada?

Gunia ngapi za kwanza ni zake?

Sasa geuza dola ziwe mzigo, maana sisi tunaelewa gunia.

Tuseme unapeleka mchele, na ukishatoa bei ya kununulia, boti, ushuru, makuli na pango la stoo, gunia moja linakuachia dola 3. Gawanya 293 kwa 3. Unapata gunia 98.

Yaani kila mwezi, gunia 98 za kwanza ni za kumlipa kijana. Wewe unaanza kula kwenye gunia la 99. Mwezi wa mawimbi, boti hazitoki, umeuza 60? Yeye analipwa vile vile, na nyumba inalipiwa vile vile. Unatoa kwenye mtaji.

Huyo ndiyo mfanyakazi wa kudumu: gharama isiyojua msimu. Na biashara ya ziwani ina msimu. Anayepeleka dagaa anajua mwezi unapong'aa uvuvi unakuwaje.

Linganisha na wakala wa kamisheni. Huyu ni mfanyabiashara wa kule, ana fremu yake, ana leseni yake, anauza mzigo wako pamoja na wa wengine, na mmekubaliana dola 1 kwa gunia. Kwako inabaki dola 2.

• Ukiuza gunia 60: kwa mwajiriwa umeingia hasara ya dola 113. Kwa wakala umebaki na 120.
• Ukiuza 100: mwajiriwa anakuachia dola 7. Wakala anakuachia 200.
• Ukiuza 200: mwajiriwa 307, wakala 400.
• Ukiuza 300: mwajiriwa 607, wakala 600.

Umeona zinapokutana? Ni kwenye gunia 293 kwa mwezi. Chini ya hapo wakala ni nafuu. Juu ya hapo mwajiriwa anaanza kulipa. Namba yako itakuwa tofauti na hii kwa sababu mzigo wako na faida yako ni tofauti, lakini namba lazima uwe nayo. Ukiajiri ng'ambo bila kuijua, umeajiri kwa kubahatisha.

Gharama za mlangoni

Hizi 293 ni za kila mwezi. Kuna zinazolipwa kabla hata kijana hajafungua duka.

Ili uwe mwajiri kule lazima biashara yako ijulikane kule. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, umoja wa sheria za biashara wa nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, kwa hiyo unaandikishwa kwenye rejista yao ya biashara, RCCM, unapata namba ya mlipakodi, ndipo CNSS wakupokee. Kwa utaratibu wa OHADA, tawi la kampuni ya nje linatakiwa ndani ya miaka 2 ligeuzwe kuwa kampuni ya kule, isipokuwa limepewa msamaha. Burundi unaanzia ofisi ya uwekezaji, ADB. Zambia ni PACRA. Kote huko utahitaji mtu wa kukuandalia hesabu na wa kukutafsiria makaratasi. Burundi na Kongo makaratasi ya serikali ni Kifaransa, na Kiswahili chako cha gatini hakitasoma mkataba.

Lingine: ukiwa na mtu anayekaa na kuuza kwa jina lako nchi ya watu, kodi ya biashara ya kule inaweza kukufuata hata kama duka lenyewe huna. Ulizia hilo kabla, usisubiri barua.

"Basi nitampeleka mdogo wangu wa hapa"

Hili ndilo jibu la kwanza la wengi. Namwamini, ni damu yangu, atalala stoo.

Fikiri tena. Mtanzania akifanya kazi Kongo ni mgeni. Anahitaji kibali cha kukaa na kadi ya kazi ya mgeni. Na Kongo imekuwa na kodi maalum kwenye mishahara ya wageni, asilimia 25, na anayeilipa ni mwajiri. Tena wana sheria ya tangu mwaka 1973 inayoacha biashara ndogo ya rejareja mikononi mwa raia wao. Mdogo wako akikutwa anapima mchele kwa kilo mtaani Kalemie, tatizo linaanzia hapo.

"Si tuko Jumuiya?" Ndiyo, Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka kutafuta kazi. Lakini inaruhusu kwa utaratibu: kila nchi ilitaja aina za kazi ilizofungua, na mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 bado anaomba kibali cha kazi. Jumuiya imepunguza ukuta, haijauondoa. Zambia ndiyo kabisa haimo kwenye Jumuiya yetu. Tuko nayo SADC tu.

Na sisi ni vile vile. Mkongo au Mrundi ukimwajiri dukani kwako Ujiji bila kibali, sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia inakuhusu. Vijana wa kambi ya Nyarugusu nao wana masharti yao kama wakimbizi. Usimchukue mtu "kienyeji" ukadhani umempa msaada. Siku ya msako mnaumia wote wawili, na yeye anaumia zaidi.

Dola inapanda, mshahara haujui

Tuseme umepanga ukiwa unanunua dola kwa 2,500. Ile 293 yako ni shilingi 732,500. Dola ikifika 2,700 inakuwa 791,100. Hujaongeza mshahara, hujaongeza mtu, lakini kila mwezi zimetoka 58,600 zaidi. Kwa mwaka ni zaidi ya laki saba.

Burundi ina mtihani wa aina yake. Miaka ya karibuni bei ya dola benki na bei ya mtaani zimeachana sana. Ukipanga mshahara kwa faranga, mfanyakazi wako anaona bei za sokoni zinamkimbia, anakuomba nyongeza kila baada ya miezi michache, na ana haki ya kuomba. Ukibadilisha pesa vichochoroni kukimbia bei ya benki, unaweza kupoteza zote. Weka kwenye hesabu bei ya njia halali, na weka akiba kidogo juu yake.

Halafu kuna usalama. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, benki zilifunga. Mwajiri wa nje aliyekuwa na watu kule alitafuta njia za kufikisha mshahara huku mzigo ukiwa umefungiwa stoo. Kalemie ni mbali na Goma, lakini anayefanya biashara na Kivu Kusini, Uvira na Baraka, aweke swali hili mezani: mambo yakiharibika, nitamlipaje, na mzigo wangu ataushika nani?

Usimwite wakala kama si wakala

Baada ya hesabu hizi, kuna mjanja ameshapata wazo: "Nitamwandikia mkataba wa wakala, ila atakaa dukani kwangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili, atauza wa kwangu tu, na nitamlipa 150 kila mwezi."

Huyo ni mwajiriwa. Karatasi ikisema vingine, afisa wa kazi ataangalia maisha halisi, siyo kichwa cha karatasi. Jiulize:

• Nani anapanga saa zake? Kama ni wewe, ni mwajiriwa.
• Anaweza kuuza mzigo wa mtu mwingine? Kama umemkataza, ni mwajiriwa.
• Mzigo usipotoka, analipwa? Kama analipwa, ni mwajiriwa.
• Fremu, mizani na leseni ni za nani? Kama ni zako, ni mwajiriwa.

Na tusiongelee sheria peke yake. Yule kijana ana mke na watoto. Siku anapokea mzigo gatini, gunia likamwangukia mgongoni, nani anamtibu? Ukiwa umemwandikisha, mfuko una sehemu yake. Hukumwandikisha, anakutazama wewe. Ukizima simu, kesho Kalemie nzima inajua bosi wa Kigoma ni mtu wa namna gani, na hakuna atakayekushikia mzigo wako hata kwa kamisheni. Ziwa ni kubwa lakini habari zake huvuka haraka kuliko boti.

Njia nne, chagua inayokufaa

1. Uza hapa hapa. Mnunuzi wa Kongo anakuja Kibirizi, analipa, anapakia mwenyewe. Faida kwa gunia ni ndogo, lakini hujaajiri, hujavuka, hujabadilisha dola. Kwa mtaji mdogo hii ndiyo njia ya kwanza, na hakuna aibu kukaa nayo miaka.

2. Wakala wa kamisheni wa kweli. Ana biashara yake na leseni yake. Andikianeni: mzigo kiasi gani, kamisheni kiasi gani, pesa inarudi siku ngapi, kikioza au kikilowa hasara ni ya nani. Mpe mzigo mdogo kwanza. Usiongeze wa pili kabla pesa ya wa kwanza haijarudi.

3. Kampuni ya kuajiri kwa niaba yako. Kampuni hizi zipo kwenye nchi nyingi. Yenyewe imeandikishwa kule, inamwajiri mtu kwa jina lake, inapeleka michango, wewe unampangia kazi. Unalipa gharama zote za mfanyakazi na juu yake ada ya kampuni kila mwezi. Inawafaa wenye mishahara mikubwa, kama injinia au meneja. Kwa kijana wa kuuza mchele, ada peke yake inaweza kumeza faida.

4. Mwajiriwa wa kudumu, umeandikishwa kamili. Ni njia nzuri ukishavuka namba yako. Mtu wa kudumu anajua wateja wako, analinda jina lako, hauzi wa mwenzako kwanza. Kuna siku biashara yako itamhitaji.

Kabla hujasaini, fanya haya

Pata namba yako: gharama kamili ya mwezi, gawanya kwa faida ya gunia moja, au katoni, au mfuko wa chumvi ya Uvinza, vyovyote unavyouza.

Angalia miezi 6 iliyopita. Je, hata mwezi mbaya kuliko yote ulivuka namba hiyo? Kama ni mwezi mzuri tu ndio ulivuka, bado.

Weka pembeni gharama kamili ya miezi mitatu kabla ya kuanza. Kwa mfano wetu ni dola 879. Huo siyo mtaji wa kununulia mzigo, usiuguse.

Nenda mwenyewe CNSS, INSS au NAPSA ya mji husika, uliza viwango vya mwaka huu, maana serikali hubadilisha. Safari moja ya kuuliza ni nafuu kuliko faini.

Anza na muda wa majaribio kwa maandishi. Kongo, kwa mfanyakazi asiye na utaalamu maalum hauzidi mwezi mmoja, kwa wengine hauzidi miezi 6. Usimweke mtu "majaribio" mwaka mzima.

Mkataba uwe kwa lugha anayoielewa yeye na kwa lugha ya ofisi za kule. Nakala mbili, kila mtu na yake.

Hesabu haina undugu na haina haraka. Ipige leo ukiwa umekaa Ujiji na chai yako, kuliko kupigiwa na mtu mwingine ukiwa Kalemie na mzigo umezuiwa.

Una hesabu yako tayari? Andika unauza nini, unapeleka wapi, na faida ya gunia moja ni kiasi gani, tukusaidie kutafuta namba yako. Na kama una mwenzako anayetaka kuweka mtu ng'ambo mwezi huu, mtumie asome kabla hajapanda boti.

Biashara njema.